Sauti ya Katikati

Msomaji, katika mambo ambayo watu huyaona mepesi kwa sababu huyasikia kila siku, kuimba ni la kwanza. Mtoto huimba kabla hajajua kusema sawasawa. Mpishi huimba jikoni, na baharia huimba chomboni. Kwa hiyo mtu akisema kwamba alikwenda kujifunza kuimba, wengine humcheka kama aliyesema kwamba alikwenda kujifunza kula. Mimi nami nilikuwa katika wenye kucheka. Nilikuwa na koo zima na masikio mawili, nikadhani kwamba sina haja ya kitu kingine. Haya nitakayokusimulia ni habari ya jinsi nilivyotambua kwamba koo langu lilikuwa likifanya kazi peke yake, na masikio yamelala.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu, na kwetu kulikuwa Changamwe, Mombasa. Nilikuwa na rafiki wawili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mama mmoja mjane, aliyepika mahamri na mbaazi alfajiri na kuviuza mbele ya nyumba yake. Kijana huyu alikuwa na sauti nyembamba, safi, yenye kupanda juu bila ya kutetemeka. Wa pili alikuwa mrefu kuliko sisi sote, na sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa nzito kama ya mtu mzima. Mimi nilikuwa kati kwa kati: si mrefu wala si mfupi, na sauti yangu si nene wala si nyembamba. Likumbuke jambo hilo, maana ndilo lililoniletea taabu, na ndilo lililoniletea faida.

Sisi watatu tulipenda rege. Sikusudii rege ya kila namna, bali ile iliyostawi Jamaika katika miaka ya 1970, ambayo wenyewe huiita rege ya mizizi. Kwetu ilikuwa ikisikika katika matatu na katika vibanda vya vinyozi, wala hapakuwa na kijana asiyejua kutikisa kichwa kwa mdundo wake. Kaseti yetu ya kwanza ilikuwa ya kundi la Culture, nayo ni Two Sevens Clash ya mwaka 1977. Joseph Hill aliongoza. Albert Walker na Kenneth Dayes wakamwitikia. Kaseti hiyo niliinunua mimi kwa fedha zangu, nasi tuliisikiliza kila jioni nyuma ya nyumba ya yule mama, katika redio ndogo ya mawe.

Tulijifunza wimbo mmoja kwa majuma matatu. Hata siku moja tukachanga fedha, tukanunua mawe mapya ya redio. Mara kaseti ikaenda mbio, waimbaji wakawa juu, na sisi tuko chini bondeni, wala hapana namna ya kuwafikia. Kumbe mawe ya zamani yalikuwa yamechoka. Mtambo ulizunguka polepole, na sauti zote zikashuka pamoja nao. Sisi tulikuwa tumejifunza uchovu wa mawe, tukauita wimbo. Yule mama alicheka hata akaacha kusukuma unga wake.

Lakini kulikuwa na kosa jingine kubwa zaidi, ambalo mawe mapya hayakuweza kuliondoa. Sote watatu tuliimba sauti moja, ile ya kiongozi, kwa sababu ndiyo iliyosikika upesi. Waimbaji wa kaseti walikuwa watatu wakasikika kama nyumba yenye vyumba. Sisi tulikuwa watatu tukasikika kama watu waliobanana mlangoni. Tulijua kwamba kuna kitu kimepungua, lakini hatukujua jina lake.

Karibu na hapo palikuwa na mzee mmoja, fundi wa cherehani, aliyeshona barazani. Mzee huyu alikuwa ameimba bezi katika kwaya ya kanisa lake kwa miaka mingi. Alikuwa akisema kwamba rege ni kelele za makanga, nasi tulimwogopa. Jioni moja alituita. "Wanangu," alisema, "kila siku nawasikia. Mnapiga makelele matatu, wala hamwimbi. Ileteni hiyo kaseti." Tukaileta. Aliondoa mguu wake juu ya cherehani, akasikiliza wimbo mmoja tangu mwanzo hata mwisho, kisha akataka urudiwe. Uliporudiwa alikuwa akiitikia bezi kwa mdomo uliofungwa, kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Akasema, "Huu ni wimbo wa kanisani uliovaa nguo nyingine."

Mzee yule alisema kweli kuliko alivyojua. Baadaye nilisoma habari za nchi ile, na yafaa nawe uzijue. Jamaika ni kisiwa cha bahari ya Karibi kilichopata uhuru wake tarehe 6 Agosti 1962. Watu wake wengi walikulia makanisani, wakiimba nyimbo zilizokusanywa na Mmarekani Ira Sankey katika karne ya 19. Nyimbo kadha wa kadha katika hizo zilifasiriwa kwa Kiswahili, na mpaka leo huimbwa makanisani katika nchi yetu. Juu ya msingi huo vijana wa Kingston walijenga kwa vitu walivyovisikia katika redio za Marekani, na hasa walilipenda kundi la Impressions la Curtis Mayfield wa Chicago, watu watatu waliojua kupanga sauti zao kama vidole vya mkono mmoja.

Katika mtaa wa Trench Town alikuwako mwimbaji aitwaye Joe Higgs. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana walikusanyika uani kwake, akawafundisha kuimba kwa sauti zilizopangwa. Miongoni mwao walikuwa Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Livingston, waliojulikana baadaye kwa jina la Wailers. Leo ulimwengu mzima walijua jina la Bob Marley, na wachache humjua Joe Higgs. Lakini zisikilize rekodi za zamani za Wailers, zilizofanywa katika Studio One ya Clement Dodd, nawe utasikia sauti ya Bunny juu na ya Peter chini, zimemshika kiongozi huku na huku asianguke. Kazi hiyo ilianzia uani kwa mtu ambaye hatajwi sana.

Na wewe mwanafunzi wa Kenya una fungu katika habari hizo. Winston Rodney, mzaliwa wa mji wa Saint Ann's Bay, alipotafuta jina la kuimbia alichagua Burning Spear, yaani Mkuki Uwakao, jina ambalo Jomo Kenyatta alijulikana nalo. Katika santuri yake ya Marcus Garvey, ya mwaka 1975, Rodney aliitikiwa na Rupert Willington na Delroy Hinds. Basi jina lilivuka bahari kutoka kwetu, na nyimbo zikavuka bahari kuja kwetu.

Turudi barazani. Mzee alitupanga katika mstari mmoja, akatuuliza kama twajua do, re, mi. Tulizijua, kwa kuwa tulifundishwa shuleni. Akampa do yule mrefu. Akampa so mtoto wa mama mahamri. Mimi akaniambia ninyamaze. Wawili wale wakaimba pamoja, do na so, na mzee akaniuliza, "Sauti hiyo ina furaha au ina huzuni?" Nikasikiliza sana. Ilikuwa sauti yenye nguvu, lakini tupu kama chumba kisicho na vyombo. Sikuweza kusema kama yacheka au yalia. "Sasa wewe tia mi," alisema. Nikatia mi, na mara chumba kikajaa nuru. Hata yule mrefu alitabasamu. "Sasa ishushe mi yako nusu ya hatua, nao wasiondoke walipo." Nikaishusha kidogo sana, na papo hapo furaha ikageuka majonzi, hali wenzangu wawili hawakubadili kitu.

Mzee akasema, "Do ni msingi, na so ni paa. Lakini aamuaye kama nyumbani mna arusi au mna matanga ni huyu wa katikati. Na mpita njia hamwoni."

Nami, badala ya kufurahi, niliudhika. Nilikuwa nimenunua kaseti kwa fedha zangu, na moyoni mwangu nilikuwa nimekwisha jiona mimi ndimi Joseph Hill. Sasa nikaambiwa kwamba kiongozi ni mwingine, na kwamba kazi yangu ni kuwa mahali ambapo mpita njia hanioni. Niliitikia "Ndiyo, Mzee," kwa mdomo, na moyo ukasema jingine.

Tulifundishwa miezi minne. Huenda nawe, msomaji, una rafiki wawili na ungependa kujaribu. Basi nitakueleza kwa ufupi tuliyofundishwa. Kwanza, imbeni kwa midomo iliyofungwa. Aliyefunga mdomo hawezi kujionyesha, na kila mmoja humsikia mwenzake upesi. Pili, ziba sikio moja kwa kidole ili usikie sauti yako ndani ya kichwa, na sikio la pili liachie wenzako. Ukishindwa kuwasikia, umezidisha sauti yako, ipunguze. Tatu, fungueni midomo kwa namna moja. Mmoja akisema *a* kwa mdomo mpana na mwingine kwa mdomo mwembamba, sauti zao hazitashikana hata zikiwa sawa kwa do na mi. Nne, vuteni pumzi pamoja na malizeni neno pamoja. Herufi ya mwisho ikitoka mara tatu, huwa kama sahani tatu zilizoanguka. Tano, jueni mdundo. Katika rege ya namna ile hesabu moja, mbili, tatu, nne: gitaa hukata la pili na la nne, na ngoma kubwa mara nyingi huliacha la kwanza wazi, ikaanguka juu ya la tatu. Mwanafunzi hutaka kuharakisha ili ajaze uwazi ule. Asiujaze. Kiongozi hutoa neno lake, kisha waitikiaji humjibu bila ya haraka, kama wajibuvyo salamu watu wenye adabu.

Wala usidhani kwamba wa katikati humfuata kiongozi daima hatua kwa hatua. Mara nyingi akipanda nawe wapanda, akishuka nawe washuka. Lakini pana mahali ambapo yeye hutembea na wewe husimama pale pale, na kusimama huko ni kugumu kuliko kutembea. Sikio huvutwa na sauti ya wimbo kama mguu uvutwavyo na mteremko. Mwimbaji mchanga huacha mahali pake bila ya kujua, akajikuta yuko kwa jirani.

Lakini mimi niliacha mahali pangu kwa kujua. Mwisho wa mwaka palikuwa na sherehe ya shule, na wageni wengi walikuja, pamoja na wazazi wetu. Tulisimama jukwaani. Beti la kwanza lilikwenda vizuri, watu wakaanza kupiga makofi kwa mdundo, nami nikaona macho yote yamemwelekea rafiki yangu. Wivu ukanishika kooni. Kiitikio kilipofika niliiacha mi, nikaruka juu, nikaimba sauti yake kwa nguvu kuliko yeye. Papo hapo wimbo ukawa tupu. Yule mrefu, aliyezoea kuniegemea, akapoteza do yake. Kiongozi akashtuka, akaimba juu zaidi ili anikimbie, na sauti yake ikapasuka. Watu wakacheka. Tuliteremka kabla ya wimbo kwisha.

Kosa hilo lilikuwa baya, lakini nililolifanya baada yake lilikuwa baya zaidi. Tulipoulizwa nini kilichotokea, nilisema kwamba kiongozi alianza juu mno. Sauti yake ilikuwa imepasuka mbele ya watu, kwa hiyo watu waliniamini. Yeye hakujitetea. Alinitazama tu, kisha akaenda zake nyumbani. Na tangu siku ile, kwa majuma sita, hatukusemezana.

Nilikwenda kwa mzee, nikakaa karibu na cherehani yake. Hakunikaripia. Alikuwa akishona koti la mtu. Akaligeuza ndani nje, akanionyesha bitana. "Hapana mtu aliyepata kununua koti kwa ajili ya bitana," alisema. "Lakini iondoe uone. Mabega yataanguka siku ya pili, na watu watasema kwamba kitambaa ni kibaya. Kitambaa hakina kosa." Akaendelea kushona. Nilikaa pale mpaka taa zikawashwa, kwa kuwa nilielewa kwamba alikuwepo siku ile, na kwamba masikio yake hayakudanganyika.

Usiku ule nilikwenda kwa rafiki yangu. Mama yake alikuwa akipepeta unga kwa ajili ya alfajiri. Nilisema mbele yake, maana niliona kwamba uongo niliousema mbele ya watu haufai kuondolewa kwa siri. Nilisema kwamba niliiacha sauti yangu, kwamba nilifanya kwa wivu, na kwamba nilimsingizia. Rafiki yangu alinyamaza kitambo. Mama naye hakutoa hotuba. Alileta sahani moja ya mahamri, akaiweka kati yetu, akasema, "Kaeni mle." Tukala.

Tangu hapo nilianza kujifunza upya, na wakati huu niliitafuta sauti ya katikati kwa kupenda. Nilinunua kaseti nyingine, nikamwacha kiongozi aende zake, nikasikiliza wale wasiosikilizwa. Nilikutana na Abyssinians, yaani Bernard Collins pamoja na Donald na Lynford Manning. Wimbo wao wa Satta Massagana, wenye jina la Kiamhari, waliurekodi mwaka 1969 katika Studio One. Mwenye studio hakuutoa, nao wakautoa wenyewe mwaka 1971. Ukiusikiliza utakuta ile mi iliyoshushwa nusu ya hatua: sauti tatu zimekaribiana, zimetulia, zina majonzi bila ya kulalamika. Niliurudia mara nyingi hata utepe wa kaseti ukalegea. Nikasikia pia Heart of the Congos ya mwaka 1977, ambamo Cedric Myton aliruka juu sana kwa sauti nyembamba, nikafahamu kwamba mtu huthubutu kuruka hivyo kwa kuwa anajua wapo wenzake waliosimama chini.

Miaka ilipita, tukamaliza shule, kila mmoja akashika kazi yake. Mwaka 2003 mama wa rafiki yangu alifariki dunia. Tulimsindikiza kwao bara. Kaburini mchungaji alimwomba rafiki yangu aanzishe wimbo ambao marehemu aliupenda, mmoja wa zile za Sankey. Tukasimama watatu kama zamani: so, mi, do. Beti mbili zilikwenda vizuri. Katika beti la tatu sauti yake ilikatika. Haikupasuka kama siku ile ya shule. Ilikwisha tu, kama taa iliyokwisha mafuta.

Msomaji, mahali pake palikuwa wazi mbele yangu kwa mara ya pili. Niliujua wimbo wote, nami ningeweza kupanda, nikauchukua, na watu wangesema kwamba nimemsaidia. Lakini nilikumbuka bitana. Nikamtazama yule mrefu, naye akanitazama, tukavuta pumzi pamoja, tukashika tulipokuwa: yeye do yake, mimi mi yangu, polepole, bila ya kuharakisha. Wimbo ulikosa paa, lakini haukuanguka. Waombolezaji waliousimama kuuzunguka mchanga ule wakaanza kuimba sauti ya juu kwa unyonge, mmoja mmoja. Na kabla beti halijaisha rafiki yangu alipata pumzi, akapandisha so yake, akakuta mahali pake pangali pake.

Baada ya mazishi alinishika mkono kwa muda mrefu. Hakusema neno, nami sikusema.

Kuna kundi jingine la Jamaika liitwalo Mighty Diamonds, watu watatu: Donald Shaw, Fitzroy Simpson na Lloyd Ferguson. Walianza mwaka 1969, na santuri yao ya Right Time ilitoka mwaka 1976. Waliimba pamoja, watu wale wale, kwa zaidi ya miaka 50, mpaka mwaka 2022, Shaw alipouawa kwa risasi, na Simpson akafariki dunia siku chache baada yake. Nilipozisikia habari hizo niliitafuta santuri yao, nikaisikiliza peke yangu usiku. Kila nikifuata sauti moja, nilizisikia nyingine mbili zikiingojea.

Wewe unayesoma haya huenda una sauti ya kuongoza. Kama unayo, ongoza, nawe uwakumbuke waliokushika. Lakini shuleni kwako, nyumbani kwako na katika kazi utakayopewa kesho, mara nyingi zaidi utaambiwa usimame katikati, mahali ambapo mpita njia haoni. Usione haya, wala usikimbilie mahali pa mwenzako. Sikiliza wa juu, sikiliza wa chini, kisha shika sauti yako uliyopewa mpaka mwisho wa beti.